Mama Niliyemwona Kila Jioni

Mama yangu nilikuwa namwona kila jioni. Naanza na hilo kwa sababu watu wameniuliza mno, wengine kwa upole, wengine kwa kunisuta: "Kwani wewe mara ya mwisho kumwona mama yako ilikuwa lini?" Kila nikiulizwa damu inanichemka. Nilimwona jamani! Natoka kazini, navua viatu, nabandika chai, napiga simu ya video Tanga, na mama anatokea kwenye kioo, kajitanda kanga yake, kakaa ukumbini kwetu Makorora, ukili wa mkeka mkononi anasuka. Nampa shikamoo, ananiitikia marahaba. Namuuliza kala nini, ananiambia. Nikikata simu roho imetulia, naendelea na mambo yangu. Hao wanaonisuta, wengine wanakaa mtaa mmoja na mama zao na wiki inapita hawajawachungulia.

Mimi ni mtu wa hasira, sijifichi. Nilizaliwa hivyo, na miaka ya kukaa ofisini Dodoma haijanipoza, pengine imenizidishia. Lakini hili la mama nimelisimulia kwa hasira mara nyingi, na kila nikimaliza naona sijalisema. Wacha nijaribu kulisema taratibu.

Zamani, kabla ya simu hizi za kupangusa, nilikuwa nikienda Tanga kila Idd, na katikati pakitokea harusi au msiba naenda tena. Ilikuwa safari ya siku nzima, nafika miguu imevimba. Nikifika nalala chumbani kwa mama, chini kwenye mkeka, tunaongea mpaka mmoja wetu anakoroma katikati ya maneno ya mwenzake. Halafu simu zikaja. Ni mimi niliyemnunulia mama simu kubwa yenye kioo kipana, nikampelekea mwenyewe. Mtu wa kumshikia alikuwepo: mdogo wangu wa kike, aliyeachika akarudi nyumbani, anayepika vitumbua na sambusa na kuvitangaza kwenye simu mpaka watu wa mtaa wa Usagara wanamwagizia. Idd ya kwanza baada ya hapo kazi ilinibana, tukasalimiana kwa video. Wanangu walivaa nguo mpya, wakasimama mbele ya simu mmoja mmoja, bibi yao akawaombea dua. Idd iliyofuata ikawa vilevile. Sikusikia mtu akilalamika. Mama mwenyewe aliniambia, "Unahangaikia nini na mabarabara hayo mwanangu, si tunaonana?"

Basi tukawa tunaonana. Mdogo wangu ndiye anaishika simu, yeye hatokei, nasikia sauti yake tu. "Dada, hilo gauni la kijani limekukaa!" atasema. Mama naye anadakia, "Mashallah, kijani kimekukaa mwanangu." Nikionyesha pazia jipya, mdogo wangu anasema, "Eh, pazia la maua hilo!" na mama anauliza maua hayo nimeyapata duka gani. Nilikuwa nafurahi. Nilikuwa nawaringia wenzangu kazini kwamba mama yangu na umri wake bado anaijua nguo iliyokaa vizuri.

Na kama macho yake hayakunielekea sawasawa, nani angelitilia maanani hilo? Kwenye simu hakuna anayemtazama mwenzake machoni. Mtu anatazama picha yako, au anajitazama mwenyewe kwenye kile kipicha cha pembeni, na wewe unafanya hivyohivyo. Bosi wangu kwenye vikao vya video anatazama pembeni kidogo. Wanangu wanatazama pembeni kidogo. Mama naye alikuwa anatazama pembeni kidogo. Halafu kamera ya simu ile ina tabia ya kumng'arisha mtu: mikunjo inapotea, ngozi inakuwa laini, hata macho yanatiwa mwanga ambao hayana. Dukani waliisifia kwa hilo.

Mwanangu wa kwanza alipojifungua, mama alisuka mkeka wa mzazi akaupakia kwenye basi. Mama yangu ni mtu wa Pemba, baba alimleta Tanga akiwa bibi harusi, na kwao huko mtoto wa kike anashika ukili kabla hajashika sufuria. Mikeka yake inajulikana kwa mistari: zambarau, nyeupe, kijani, nyeupe, imenyooka kutoka ukingo mpaka ukingo, huwezi kuona mahali alipoungia. Huu nilipoukunjua niliangua kicheko. Zambarau ilikuwa inaanza vizuri, halafu katikati inageuka kijani, kisha wekundu uliotoka sijui wapi, halafu zambarau inarudi mahali ambapo haikualikwa. Nikampigia. "Mama, huu uliusuka umelala usingizi?" Alicheka sana. "Hiyo ndiyo fasheni ya siku hizi, nyie watu wa bara hamjui kitu." Mdogo wangu nyuma ya simu naye akacheka. Nikaupiga picha nikauweka kwenye grupu la familia, na watu wakajaza vile vikatuni vya kucheka machozi. Shangazi akacheka. Binamu zetu wa Makorora, wanaoingia na kutoka pale nyumbani kila siku, wakacheka pia. Mpaka leo nikikumbuka vile vikatuni vyao natamani niwashike mmoja mmoja.

Sasa, mwaka huu kazini walinituma semina Tanga. Sikumwambia mama. Wanangu ndio walionitia maneno. Walinionyesha klipu za watu wanaorudi nyumbani bila taarifa: mtu anaingia kamera iko mbele, mama yake anageuka, anapiga kelele, anaangusha ungo, wanakumbatiana, na watu wasiowajua kutoka dunia nzima wanalia nao. "Mama, na wewe urekodi," mwanangu aliniambia. "Bibi atazimia kwa furaha." Niliona ni jambo zuri. Kusema kweli nililiwaza safari nzima, nikamwona mama kabisa anavyonyanyuka na kanga inavyomdondoka.

Nilifika asubuhi, jua limeshapanda. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Mdogo wangu alikuwa ametoka kupeleka vitumbua. Nikavua viatu nje, nikaweka mkoba chini polepole, nikainua simu. Sikupiga hodi. Nyumba za kwetu mtu haingii bila hodi, hata mtoto wa nyumba hiyohiyo, hata kama mlango hauna komeo. Unasimama, unabisha, unasubiri karibu. Mimi nilipita kimyakimya mpaka ukumbini, macho yangu kwenye kioo cha simu.

Mama alikuwa amekaa pale pale anapokaa kila jioni, miguu kainyoosha, ukili mapajani. Alisikia kitu. Akainua uso akanielekezea mimi, moja kwa moja, tuko karibu kiasi kwamba ningeweza kumrushia kofia ikamfikia. Nikatabasamu. Nikasubiri.

"Nani?" alisema.

Nikajizuia kucheka. Nilidhani ananitania, mama ni mtu wa utani.

"Wewe nani? Mbona huongei?"

Nikasogea hatua moja. Kwenye kioo uso wake ulikuwa laini, unang'aa, ananitazama. Vidole vyake vikaacha kusuka. Mkono mmoja ukaanza kupapasa sakafuni, ukagonga kikombe, chai ikamwagika ikaelekea kwenye mkeka, na yeye hakuitazama chai. "Jamani kuna mtu humu ndani!" alipiga kelele. "Jirani! Jirani wee!" Sauti ile sijawahi kuisikia kwake. Mama yangu alikuwa ananiogopa. Na mimi bado nimeinua simu, narekodi, Mungu anajua.

Nikaishusha. "Mama, ni mimi."

Hakunigeuzia uso. Alinigeuzia sikio. "Mimi nani?"

"Mimi mwanao, mama. Wa Dodoma."

Nikaona kifua chake kinapanda na kushuka. Halafu, wallahi, akatengeneza kanga yake, akakaa vizuri, akatabasamu kuelekea upande nilikokuwa nimesimama mwanzo, wakati nilikuwa nimeshasogea kushoto, akasema, "Subhanallah, umekuja! Mashallah, umependeza mwanangu."

Nilikuwa nimevaa dera la safarini, lina doa la maharage kifuani.

Jirani akaingia mbio, mama mtu mzima wa nyumba ya pili, mwiko mkononi. Akanitazama, akamtazama mama, akaushusha mwiko. "Ah. Umekuja," alisema. "Basi umeshajua."

"Nimeshajua nini?" Sikumpa hata shikamoo. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniudhi kuliko kitu chochote. "Nimeshajua nini, mama yangu? Niambie wewe, maana inaelekea wote mnajua ila mimi."

"Kaa kwanza upoe," alisema, akachukua tambara akaanza kufuta chai.

Jicho la kulia la mama lilikuwa limekufa. La kushoto lilikuwa linaona kidogo katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na pembeni kote giza. Haikuwa jambo la jana. Ilikuwa imekwenda karibu miaka miwili, polepole, na mtaa mzima ulijua. Muuza samaki alijua, akifika anamshikisha samaki mkononi amkague kwa vidole. Watoto wa madrasa walijua, walikuwa wanamvusha barabara. Wote hao hawana simu ya video na mama yangu. Walikuwa wanamwona tu.

Mdogo wangu aliporudi na beseni lake tupu alinikuta nimesimama mlangoni. Sitaki kuandika yote niliyomwambia. Nilimwita muuaji, hilo naliandika kwa sababu alilisikia na majirani walilisikia. Aliweka beseni chini, akavua ushungi, akakaa kando ya mama, na mama akamtafuta kwa mkono akampata goti.

"Mwache," mama alisema. "Ni mimi niliyemwapisha. Ugombe na mimi."

"Mama, ningegombana na wewe wapi? Kwenye simu?"

"Ndiyo maana sikukwambia," alisema.

Akanieleza. Alidhani ni mtoto wa jicho. Kwetu kila mtu anajua habari za mtoto wa jicho: hatolewi akiwa mchanga, anaachwa akomae, aive kabisa, jicho lifunge, ndipo daktari anamtoa na mtu anaona kama msichana. Kuna bibi wa mtaa wa nyuma alisubiri hivyo, akatolewa, leo anatunga uzi kwenye sindano. Basi mama naye akawa anasubiri. Kila ukungu ulipozidi alifurahi, akijua mtoto anakomaa. Alikuwa anamwambia mdogo wangu, "Bado kidogo." Alitaka atolewe kwanza, apone, ndipo anisimulie na tucheke.

"Ningekwambia ungekuja na gari ukanibeba Dodoma," alisema. "Ungenifungia kwenye nyumba yenye geti, sijui jirani, sijui mwadhini, sina miyaa ya kusukia. Nakujua wewe. Wewe ukiogopa unaanza kuamrisha watu."

Na kweli, hicho hasa ndicho ningefanya.

Na kumbe kulikuwa na dawa. Mdogo wangu aliitoa kabatini, kichupa cha asali iliyochanganywa na maji ya kitunguu. Ilitoka kwenye simu. Kuna klipu ilizunguka, mtu kavaa koti jeupe, anazungumza Kiswahili kilichonyooka, anaahidi kwamba matone asubuhi na jioni huyeyusha mtoto wa jicho bila kisu. Nani aliituma hakuna anayekumbuka. Ilipita grupu hili ikaingia lile. Mdogo wangu alikuwa anamtilia mama kwa uaminifu, mama anavumilia mwasho, wanaamini. "Daktari gani huyu?" niliuliza. "Wa hospitali gani? Anaitwa nani?" Mdogo wangu akasema hakujitambulisha, lakini maelezo yake yalikuwa mazuri na watu wengi walimshukuru chini ya video. Nikakitupa kile kichupa uani kikapasuka ukutani. Kuku walikuja kuonja, wakaondoka.

Semina sikwenda. Kesho yake tulimpeleka mama hospitali, mimi mkono huu, mdogo wangu mkono ule, hatuongei. Daktari wa macho alikuwa binti mdogo, sawa na mwanangu wa kwanza, akampa mama shikamoo kabla hajagusa chochote. Alimpima kwa muda mrefu. Halafu akazima taa yake, akatugeukia sisi.

"Huyu hana mtoto wa jicho," alisema. "Hii ni presha ya macho. Hii haiivi, mama zangu. Inakula tu. Kilicholiwa hakirudi."

Mama alikuwa ametulia kabisa kwenye kiti. "Hakirudi kabisa?" aliuliza.

"Hapana, bibi. La kulia limekwisha. Hili la kushoto bado lina kidogo. Hicho tunaweza kukipigania, kwa matone na kwa upasuaji, lakini hatukiongezi. Tunazuia kisiondoke. Na upasuaji wenyewe siwezi kukuapia; mara chache hutokea hata hicho kidogo kikapotea." Kisha akanitazama mimi, labda kwa kuwa ndiye niliyeonekana mkubwa. "Hamkugundua? Alikuwa hajigongi? Hakosi kitu anapotaka kukishika?"

Nilisema, "Mimi namwona kila..." nikaishia hapo. Yule binti alisubiri nimalize, kisha akainama akaendelea kuandika.

Siku zile nilikuwa nalala chumbani kwa mama, chini, na usingizi hauji. Niliifungua ile video niliyorekodi. Wanangu walikuwa wanaiulizia: "Mama, vipi, bibi alizimia?" Sikuwatumia. Niliitazama mwenyewe, sauti nimeizima. Katika simu zote tulizopigiana na mama, katika picha zote, hiyo peke yake ndiyo ananitazama sawasawa, jicho kwa jicho, kwa sababu alikuwa anasikiliza pumzi zangu. Niliitazama mpaka chaji ikaisha.

Mama alikataa upasuaji. Alikataa siku hiyo, akakataa siku iliyofuata. "Kidogo hiki nilichobakiwa nacho ndicho mnachotaka kukichezea?" Alisema kwamba kwa kile kitundu anaweza kuona sinia liko wapi, anaweza kuona mlango ukiwa na mwanga, anaweza kumwona kuku akipita. Kikiondoka, basi. Nilimsihi. Nilimpigia hesabu za daktari. Nilipaza sauti, naye akageuza uso ukutani, na mdogo wangu akaniambia mbele yake, maneno yake ya kwanza kwangu tangu siku ile, "Dada, unamwamrisha."

Nikatoka nje nikakaa barazani. Simu yangu ilikuwa inalia kila dakika. Habari zilikuwa zimeenea kwenye grupu la familia, na kila mtu alikuwa na la kusema. Walituma dua zenye maua yanayocheza. Walituma mikono iliyokunjwa. Binamu wa Dar es Salaam alituma klipu nyingine ya daktari mwingine asiye na jina. Mmoja aliandika "tupeni picha ya bibi tumwone." Tumwone! Nikaandika jibu refu la matusi, nikalifuta, nikaandika lingine, nikalifuta. Mwisho niliandika tu: mama hatapigwa picha. Mtu mmoja akaweka ua.

Aliyemgeuza mama alikuwa mdogo wangu. Usiniulize alimwambia nini mama, waliongea wawili jikoni, mama kakaa kwenye kibao cha mbuzi anakuna nazi, kazi ambayo haihitaji macho. Walipotoka, mama aliniita.

"Nitakwenda," alisema. "Lakini sikiliza. Sitaki kuulizwa hali yangu kwenye simu. Si na wewe, si na hao wajukuu, si na mtu yeyote. Anayetaka kujua mimi mzima au mgonjwa, aje aingie kwa mlango ule. Nimechoka kupendeza."

Hilo neno la mwisho lilinichoma hasa. Nilifikiria kazi aliyokuwa akiifanya kila jioni: akisikia simu inaita anajitanda kanga nzuri, anaketi mahali mwanga unapomfaa kwa maelekezo ya mdogo wangu, anasubiri kusikia rangi ya gauni langu ili alisifu. Kila jioni, ili mimi nilale vizuri. Na mdogo wangu mkono unamuuma kwa kushikilia simu, huku mafuta ya vitumbua yanaungua jikoni. Nilimwomba mdogo wangu radhi siku hiyo. Alisema, "Yameisha," kwa sauti ya mtu ambaye kwake hayajaisha, na sikumlaumu.

Niliomba likizo bila malipo. Bosi wangu aliuliza kama siwezi kufanya kazi nikiwa Tanga, kwa simu, maana siku hizi kila kitu kinawezekana. Nikamwambia siwezi. Aliuliza kwa nini, intaneti mbovu? Nikamwambia, ndiyo, mbovu sana.

Upasuaji ulifanyika. Mama alitoka na jicho limefunikwa, akiwa hana hata kile kitundu, na siku hizo alikuwa mnyonge, hasuki, hata chakula anakidonoa. Aliniuliza mara moja tu, "Na kama likifunguliwa ni giza?" Nikamwambia nitakaa hapa. "Sikuulizi utakaa wapi," alisema. Lilipofunguliwa, yule binti daktari alimtaka ahesabu vidole. Alikosea, akarudia, akapata. Kilichokuwepo kimebaki. Hakikuongezeka hata kidogo. Daktari alisema hayo ndiyo mafanikio yenyewe, na tuendelee na matone maisha yake yote, tusikose hata siku moja. Niliambiwa niwe na furaha na nilijaribu.

Mimi ndiye niliyekuwa namtilia matone asubuhi. Inabidi umwinamie mtu, umvute kope ya chini, tone liingie, afumbe, asubiri. Jicho la mama nilikuwa sijalitazama hivyo maishani. Lina kiduara cha kijivu pembeni, na lile jingine limekuwa na weupe. Kwenye simu yalikuwa yanang'aa yote mawili.

Asubuhi moja, nimeshamtilia, ameshasubiri, tulikuwa uani. Jua lilikuwa limeingia hadi kwenye karo la kuoshea vyombo. Mdogo wangu alikuwa jikoni na vitumbua vyake. Mama alifumbua jicho, akalipepesa, akaniambia, "Njoo hapa mbele yangu. Hapa penye jua."

Nikachuchumaa mbele yake. Nikamshika mkono nikauweka shavuni kwangu, maana nilidhani ndicho anachotaka. Akauondoa.

"Kwa mkono nakujua," alisema. "Nataka kukuona. Toa hicho kitambaa."

Nikafungua kitambaa cha kichwa. Akanishika kidevu. Kwa kuwa kile kitundu ni kidogo, hawezi kuuona uso mzima kwa mara moja. Ilibidi asogeze kichwa chake taratibu, apate kipande, akihifadhi, aende kipande kingine. Alianzia juu. Akasimama hapo muda mrefu, pumzi zake zinanigonga kwenye paji la uso.

"Huu unga?" aliuliza.

"Mvi, mama."

"Mvi? Zote hizi? Toka lini?"

"Zina muda."

Akashuka. Akafika kwenye macho, akakaa upande mmoja, akahamia wa pili. Akapitisha kidole chini ya jicho langu, kwenye ule mfuko ulioota hapo, kama anayejaribu kuufuta. Akashuka kwenye mdomo, kwenye mistari ya pembeni. Nilitaka kusema kitu cha mzaha.

"Wee!" aliita ghafla, na ilikuwa sauti yake ya tulipokuwa watoto, ya mtu aliyekuta sukari imepungua. "Wee mtoto! Njoo hapa!"

Mdogo wangu akatokea mlangoni mwa jikoni, unga mikononi.

"Kila jioni nakuuliza, dada yako yukoje? Unaniambia yuleyule, mama, hajabadilika. Nakuuliza tena, unaniambia kazidi kunawiri. Ndiye huyu yuleyule?"

Mdogo wangu alinitazama. Macho yake yalijaa. "Sikutaka uingiwe na wasiwasi, mama," alisema.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia, kilio kibaya chenye makamasi, cha mtu mzima ambaye hajui afiche wapi uso, nikataka kunyanyuka nikanawe. Mama alinikamata bega akanirudisha chini. Bado ana nguvu za mikono, miaka yote ile ya kusuka.

"Usiondoke penye jua," alisema. "Bado sijamaliza."